Mtoto wa Gauni la Lesi

"Kata hapo," shangazi alimwambia fundi wa fremu, akielekeza kidole kwenye rundo la kitambaa cheusi ubavuni mwa mtoto.

Fundi aliishika picha kwa ncha za vidole. Ilipigwa studio, karne ya kumi na tisa: mtoto wa miaka miwili hivi, gauni la lesi, viatu vya vifungo, uso wa mtu aliyeudhiwa. Akaeleza kwa upole kwamba kamera za zama hizo zilichelewa kunasa sura, na mtoto hatulii. Basi yaya alifunikwa kitambaa gubigubi, akamshika asitikisike.

"Ndiyo maana nasema kata. Picha ya ukoo haina nafasi ya mtumishi."

Binti wa marehemu kaka yake, aliyefuatana naye dukani, aliinamisha kichwa. Mama wa mchumba wake alikuwa amewafulia watu nguo miaka ishirini, na shangazi alikuwa ameikalia posa kama kuku aliyeatamia mayai viza. Hakuwa na neno baya juu ya kijana, alisema. Kijana mpole, msomi, ana kazi. Ila damu. Mtoto huyu wa lesi ndiye mama wa bibi yake yeye shangazi; picha imerithiwa mama hadi binti, na damu ya namna hiyo haichanganywi na maji ya kufulia.

"Shangazi, nampenda."

"Hata mimi nampenda paka wangu, mwanangu. Sijamwita mkwe."

Fundi akakata. Mteja ni mfalme, na mfalme huyu alikuwa akimpumulia kisogoni. Yaya akadondokea kwenye pipa la taka, bila kulalamika, kama alivyozoea.

Ikabaki kubandua karatasi ngumu iliyogandishwa nyuma ya picha, ili fremu mpya ikae sawa. Chini yake kulikuwa na maandishi ya wino uliopauka. Shangazi akajua papo hapo kwamba hiyo ni nasaba yake, akaamuru isomwe kwa sauti, na wateja wengine wapate faida.

Binti akasogea dirishani, akasoma:

"Mwanetu wa pekee, tuliyemzika kabla hajatimiza miaka mitatu. Picha hii apewe yaya wake, akawaonyeshe wanawe."