Twiga na Shimo la Panya

Twiga alipenda umbea kuliko majani. Kutwa aliinamisha shingo kwenye shimo la Panya, mjuzi wa siri za wenzake, na kila jioni kichwa kilimwanga hata akakifunga kitambaa.

"Kinaanzia kisogoni, kinapanda mpaka jichoni," alimwambia Kima, mkandaji wa msituni.

Kima akamkanda shingo. "Kichwa hakina kosa, bwana. Shingo ndiyo imechoka kuinama."

"Basi niache umbea?"

"Kwani nani kakukataza?"

Kima akambeba Panya, akamkalisha mtini, usawa wa macho ya Twiga. Twiga akasikiliza kutwa, shingo wima, na kichwa kikatulia.

Lakini siri zilizosemwa juu ya mti ziliwafikia wenyewe. Wakampiga Panya. Kesho yake kitambaa kilikuwa kichwani mwa Panya.