Sifuri ya Namba Kumi na Saba

Kazi iliyotumwa na mwanafunzi Namba Kumi na Saba ilikuwa safi mno. Haikukosewa hata nukta, ila pale juu, mahali pa namba ya mwandishi, palikuwa pameandikwa Ishirini na Tatu.

"Amenakili mpaka namba ya mwenzake," Mama Faili alimwambia bintiye. "Mwizi gani huyu, anaiba ng'ombe na kengele yake?"

Akampa sifuri. Chini yake akaandika: "Ndugu yangu, hata kuiba kunataka umakini. Rudia kwa akili yako mwenyewe."

Bintiye, msusi, ndiye aliyemfundisha kushika kipanya. Akachungulia skrini. "Mama, kila nikipita hapa wewe unasahihisha tu. Kazi zako mwenyewe unafanya lini?"

"Ndiyo masomo ya mtandaoni hayo, mwanangu. Tunasahihishana. Mwalimu hajatia mguu tangu siku ya kwanza."

Masomo yenyewe hakuyatafuta. Alikuwa mtunza masjala, na kwa miaka ishirini na nane hakuna faili lililompotea. Kisha likaja agizo: mafaili yote yanaingia kwenye kompyuta, na asiyepata cheti cha Utangulizi wa Mifumo ya Taarifa kabla muhula haujaisha atahamishiwa ghalani, akaorodheshe viti vilivyovunjika. Agizo lilitiwa saini na Mkuu wa ofisi, ambaye siku hizo alilichezea neno "mfumo" kama mtoto aliyepata filimbi mpya.

Mama Faili akaingia kwenye tovuti ya chuo kinachotoa cheti hicho, akajaza fomu peke yake. Walimuuliza anafanya kazi gani, ofisi gani, na ameshughulika na taarifa kwa miaka mingapi. Akajaza ukweli mtupu. Kesho yake wakamkaribisha kwa maneno ya heshima ambayo ofisini hakuwahi kuyasikia, kozi ikafunguka. Watu arobaini, kila mmoja na namba yake, na maswali yamerundikana bila wa kuyajibu.

Barua isiyojibiwa ilimwasha Mama Faili kama upupu. Akaanza kujibu.

Namba Tano alitaka kujua data na taarifa zinatofautianaje. Akamwandikia: "'Alhamisi' ni data. 'Mkaguzi anakuja Alhamisi' ni taarifa. Watu wote wakianza kufagia kwa pamoja, basi huo ni mfumo."

Darasa likacheka, likaelewa. Namba Nane akaomba achelewe wiki mbili kwa kuwa yu karibu kujifungua. "Jifungue salama, mwanangu," Mama Faili akamjibu. "Kompyuta haina uchungu, itasubiri." Haikupita muda wakawa wanamwita Mwalimu, kama watu wanavyomwita mtu mzima yeyote anayejua kueleza jambo.

Kitu kimoja tu kilimnyima raha. Hakuona pa kuwasilishia kazi zake. Wenzake kazi zao zilimfikia, zake hazikuwa na pa kwenda. Alibofya kila kona ya skrini, wapi! Mwishowe akawa anaziandika kwenye daftari, kwa kalamu na mwandiko ulionyooka kama uliopigiwa rula, akimngoja mwalimu atokee. Muhula ukayoyoma.

Wiki ya mwisho Mkuu akamwita. Mama Faili akaingia amekumbatia daftari. Ghala lile alilijua: halina dirisha, na panya wake hawaogopi mtu.

"Cheti kiko wapi, mama?"

"Mkuu, kazi zote nimezifanya, hizi hapa. Ila mwalimu wetu hajaonekana hata siku moja."

"Mwalimu!" Mkuu akapiga meza, kalamu zikaruka. "Usinitajie mwalimu wa kozi ile!" Akaenda akafunga mlango, akarudi na sauti ya chini. "Haya yabaki humu humu. Wakubwa wamenilazimisha na mimi niisome. Na huyo mwalimu amenivua nguo mbele ya darasa zima. Katili! Hana adabu wala utu!"

"Pole sana, Mkuu. Mbona mimi hajanifikia?"

"Mshukuru Mungu." Akachomoa bahasha kwenye droo, ingali imefungwa, ina muhuri wa chuo. "Nimewaandikia wamfukuze. Jibu ndilo hili. Kaa hapo, mama, uwe shahidi. Leo atanitambua."

Akaipasua bahasha kwa rula, akavaa miwani, akakohoa, akasoma kwa sauti yake ya kufungulia mikutano:

"'Kwa mwanafunzi Namba Kumi na Saba...'"

Daftari likamponyoka Mama Faili. Mkuu hata hakugeuka.

"'Tumechunguza malalamiko yako. Sifuri uliyopewa ni halali yako. Tangu chuo hiki kianze hatujapata mwalimu anayesifiwa na wanafunzi kama huyu, na muhula ujao tutamwongezea madarasa mawili.'" Sauti ikaanza kupungua, lakini macho yalikuwa yameshatangulia na mdomo ukafuata. "'Unatakiwa umwombe radhi ana kwa ana, na utuletee sahihi yake kuthibitisha kwamba amekusamehe. Kumpata hakutakupa taabu. Kwa mujibu wa fomu aliyojaza kuomba kazi ya ualimu, yeye ndiye mtunza masjala wa ofisi yako.'"