Kikombe cha Kufungulia

Kikombe cha maziwa kilipomfikia Mama Thacienne, siku tatu za kufunga na kuomba zilikuwa zimekwisha, na tonge la tumbako lilikuwa bado chini ya ulimi wake.

Alikuwa amelificha humo tangu asubuhi ya siku hiyo ya mwisho, akiwa amepiga magoti na wamama wenzake kanisani, akilia kuwashinda wote kwamba Bwana amwondolee hiyo tumbako.

Akabana midomo, akanywa funda moja, akampitishia jirani yake kikombe. Ndiyo desturi yao: waliofunga pamoja hufungua kwa kikombe kimoja.

Hapo akaona. Juu ya maziwa meupe, uzi wa mate ya kahawia ulikuwa ukijinyoosha polepole, na kipande cha jani kikizunguka katikati yake kama mdudu. Mate yale yalikuwa yake. Miaka thelathini ameyatema nyuma ya nyumba bila kuyatazama hata mara moja.

Jirani alikuwa amefumba macho kwa kushukuru, kikombe kinakaribia midomo.

"Usikunywe, Mama!" Thacienne akakivuta, maziwa yakawamwagikia wote wawili. "Iko buchafu yangu mu hiyo kikombe."

"Buchafu gani?" akauliza mama mchungaji aliyeongoza maombi, na kanisa zima likageuka.

Thacienne akaingiza kidole mdomoni, akalitoa lile tonge, jeusi, likivuta utando wa mate hadi kidevuni. Akalinyanyua juu ya kiganja.

"Hii. Sasa ndiyo muniombee."