Upande wa Pili

Mgeni alidai kwamba ndiye aliyepiga ngoma katika bendi ambayo Singano na mashabiki wenzake waliipenda ujanani, ile ya roki yenye nyimbo ndefu zisizokwisha. Singano hakumwamini hata chembe. Matapeli wawili walishakuja na maneno hayohayo.

"Kaa, bwana, tusikilize," alisema, akaweka santuri.

Wimbo wenyewe ulikatwa katikati, kila upande nusu yake. Upande wa kwanza ulipokwisha, mashabiki wote wakanyamaza, kama ada yao, wakingoja Singano aigeuze santuri.

Vidole vya mgeni havikunyamaza. Viliendelea kupiga mezani, macho kayafumba, kipande ambacho hakuna aliyewahi kukisikia.

"Hicho umekitoa wapi?" Singano akamkatiza.

"Ni cha hapo katikati. Kiliachwa nje tuliporekodi. Santuri haikutosha."

Singano aliishika santuri hewani, akivikodolea vidole vile, asijue aigeuze au avingoje vimalize.