Kola ya Shati la Safari

Fundi cherehani alimvalisha mumewe shati la safari ya ng'ambo. Mabega yalipwaya, ila kola, ya kipimo kilekile cha miaka yote, iligoma kufungika.

"Nimenenepa kwa furaha, mama watoto," mumewe alitania.

Suruali za mumewe alikuwa amezipunguza kiuno mara mbili mwezi huu. Akampapasa shingo. Chini ya sikio kidole kikakuta kivimbe kigumu, kama kifungo kilichoshonewa ndani ya ngozi.

"Panauma hapa?"

"Wapi? Wala."

Binti yao alikuwa mezani, ameandika kwa penseli ratiba ya kulitembelea jiji la huko ng'ambo: Jumatatu mnara, Jumanne makumbusho, Jumatano mashua ya mtoni.

"Mama, sasa niiandike kwa kalamu ya wino?"

Kidole hakikubanduka shingoni.

"Bado, mwanangu. Iache hivyo hivyo kwa penseli."