Mashimo ya Tuta la Bwana Bata

Lusubilo alijitupa kifudifudi kwenye matete, matope yakamwingia mpaka puani. Mama mkwe wake, Tabita, alikuwa anapita njiani na jembe begani, na mtu na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Ndiyo desturi, na Lusubilo hakulelewa porini. Akatulia humo mpaka kikohozi cha yule mama kilipopotelea migombani.

Sasa hebu fikiria maisha hayo kila siku ya Mungu. Nyumba ya Tabita ilikuwa chini ya bwawa, kando kabisa ya njia, na Lusubilo ndiye mlinzi wa bwawa. Ili afike kazini ilimbidi azunguke kilima kizima, miiba ikimchana kaptula. Hata kanisani alikaa nyuma ya nguzo.

Bwawa lenyewe lilikuwa la mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa pale Ihanda. Alizuia kijito kwa tuta la udongo ili wanyama wa porini wapate pa kunywa, naye akae barazani awatazame kwa darubini. Wanyama hawakuja. Walikuja bata mwitu, basi watu wakamwita Bwana Bata. Hakuwa mtu mbaya. Aliahidi tangu mwanzo kwamba tuta likimtishia mtu, atamjengea nyumba ya bati mahali pengine.

Tuta lilikuwa zuri, lilipojengwa ng'ombe walilikanyaga mpaka likashikana. Lakini mvua zilipokwisha likaanza kuvuja. Lusubilo akakimbia kupeleka habari: maji yanatoka, Bwana, na pale chini analala mama mjane. Wakaziba. Yakatokea mashimo mengine. Bwana Bata akawalaumu kaa wa mtoni. Kaa wakasakwa, wakauawa, na mashimo yakaendelea.

Watu wakamsifu Lusubilo. Mkewe, Loisi, alitokwa na machozi: mwanamume gani mwingine anamhangaikia mama mkwe namna hii? Lusubilo akasema ni wajibu tu. Ila alikuwa na rai moja, akairudia kila alipopata nafasi: mama ahamishwe, ajengewe kwa mwanawe Anania huko Iyula, mbali kabisa na hatari.

Tabita mwenyewe, cha ajabu, hakuwa na wasiwasi. Paa lake la nyasi lilivuja kuliko tuta, naye alilala usingizi wake, akashinda na jembe kwenye maharage yake pale pale chini.

Mwishowe Bwana Bata akamwita Lusubilo barazani.

"Yule mama anahama," alisema.

Lusubilo nusura acheze.

"Kwenda Iyula amekataa. Nitamjengea pale juu kilimani, mlango kwa mlango na wewe. Sijaona mkwe mwenye upendo kama wako."

Lusubilo akashukuru, maana angesema nini? Mlango kwa mlango! Hata chooni angekwenda vipi? Akajikaza, akauliza: je, tuta likipona? Bwana Bata akajibu kwamba likipona, basi, hakuna haja ya kumhamisha mtu.

Jua halijazama, Lusubilo alikuwa mbioni na kikapu cha udongo wa mfinyanzi, anakwenda kuyaziba mashimo yote aliyoyatoboa kwa mkono wake mwenyewe.

Chini ya tuta akamkuta mtu ameinama, anachimba. Alivijua visigino vile. Miaka yote hiyo, kutoka mateteni, ndivyo alivyowahi kuviona kwa mama mkwe wake, na si zaidi. Akageuka upesi, akampa mgongo.

Tabita naye hakugeuka. Aliendelea kuchimba, akasema na udongo ulio mbele yake, kwa adabu zote.

"Wewe tuta, mwambie huyo aliye nyuma yangu azibe ya kwake tu. Haya ya huku ni yangu, na nyumba ya bati naitaka."