Kiti cha Mkaguzi Mkuu

Pak Hardiyan alimwona Wening akiingia kwenye hema la harusi, akageuza uso upande wa pili.

Wening hakujali. Alijipenyeza kati ya meza, akawapita wakubwa wa wilaya waliokuwa wakila mishikaki, akamsalimia kwa mikono miwili.

"Wewe tena," alisema mzee.

"Mimi tena, Pak. Mgongo unaendeleaje?"

Wening alikuwa mhandisi mdogo kwenye ofisi ya barabara. Pak Hardiyan ('Pak' ni 'mzee' kwa lugha ya kule) ndiye mkandarasi aliyejenga karibu kila kitu katika kona ile ya Java, na pale ofisini hakuna aliyepanda cheo bila yeye kumnong'oneza mkuu wa wilaya. Tangu mwaka juzi Wening alikuwa akimwandama. Mama wa mzee huyo alipofariki, Wening alishinda jikoni msibani akisugua masufuria. Sikukuu ya Idi alipeleka ketupat, wali uliofungwa kwa majani ya mnazi. Kila mvua kubwa iliponyesha, alipiga simu kuuliza kama wote ni wazima.

"Huna haya," Sekar, mwenzake wa ofisini, alimwambia. "Umemganda kama kupe. Angekuwa anakutaka, si angeshakuoa?"

"Acha nigande, dada."

Wiki ya harusi ile, mkaguzi mkuu wa madaraja alikuwa amestaafu.

"Kaa," mzee alisema hatimaye. "Muda wote huu unanisalimia tu, huombi kitu. Mtu wa namna hiyo ananitia wasiwasi. Unataka nini, binti?"

Wening alivuta kiti, akakaa.

"Kiti cha mkaguzi mkuu, Pak."

Meza nzima ikaangua kicheko. Mzee hakucheka.

"Wapo wanaokitaka wenye vyeti kukushinda."

"Wao unawajua, Pak? Mimi unanijua."

"Aliyeondoka alijua kunyamaza."

"Na mimi, umewahi kunisikia nikisema nini?"

Pak Hardiyan alimkazia macho, kisha akainuka, akaenda kumwinamia mkuu wa wilaya sikioni. Wening alishika bilauri ya chai. Kule mbele, mkuu wa wilaya alitikisa kichwa kukataa. Mzee akaendelea kunong'ona. Mkuu akageuka, akamtazama Wening kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwani.

Mzee aliporudi, hakukaa.

"Jumatatu unaanza. Usije ukaniaibisha."

Wening aliuinamia mkono wa mzee, akaugusisha kwenye paji la uso.

"Hongera, kupe," Sekar alimtupia walipopishana mlangoni.

Jumatatu ilipambazuka na mvua. Wening alikabidhiwa kazi, akatia saini, hakungoja hata chai ya kumpongeza. Alipanda pikipiki akaenda moja kwa moja hadi daraja kubwa la karibu na shule ya msingi, lile ambalo Pak Hardiyan alipenda kupigia picha wageni wake. Chini yake mto ulikuwa umejaa, una rangi ya matofali. Watoto wa shule walikuwa wakianza kuvuka. Aliwaita askari wa barabarani waliokuwa wamejikinga kibandani.

"Fungeni pande zote mbili."

"Daraja la Pak Hardiyan?" askari alishangaa. "Kwa amri ya nani?"

"Yangu," alisema Wening. "Nguzo ya kati imepasuka tangu mvua za mwaka juzi. Wazuieni hao watoto kwanza."